Teze moja, wakubwa wawili: nani anamulea mwanafunzi?

Matatizo ya inchi yetu hayajui mipaka ya fakilte. Vumbi ya kobalti ikiingia ndani ya nyumba kule Kolwezi, haiulize kwanza kama hii ni kazi ya munganga ao ya mutu wa jeolojia. Udongo wa Bukavu ukiteremuka pamoja na nyumba za watu, haiko kazi ya injinieri peke yake: kuna mwenye kuuza kiwanja, kuna mwenye kutia saini kwenye karatasi, kuna familia ambayo haina fasi ingine ya kuenda. Volkano ya Goma ilipotoka tarehe 22 Mei 2021, kupima tetemeko hakukutosha. Ilihitajiwa pia mutu anayejua namna watu wa mitaa wanapokea habari, na namna wanaamua kukimbia ao kubakia.

Kila mutu katika vyuo vikuu vyetu anakubali maneno haya. Kwenye makongamano tunayapigia makofi. Lakini siku kijana asistani anasimama na kusema, "Mimi nataka teze yangu ishike mambo mawili, udongo na afya," hapo makofi yanaisha. Nani atamuongoza? Nani atamutetea mbele ya jiri? Jina la nani litakuwa la kwanza? Haya ndiyo maulizo ambayo yanaua kazi nyingi kabla hazijazaliwa, na ndiyo ninataka tuyaangalie leo bila kuzunguka. Neno langu ni moja: mwanafunzi anayefanya kazi kati ya fakilte mbili anahitaji walezi wawili, na wale walezi wawili wanapaswa kupatana wao kwa wao kwanza, kwenye karatasi, mbele ya kumupatia kazi.

Tuanze na yale yaliyofanikiwa, juu yapo, na yamefanyika hapa kwetu.

Kasulo ni mutaa wa Kolwezi. Tangu 2014 wenyeji walianza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, ndani ya parselo, karibu na fasi watoto wanachezea. Mwaka 2018 kundi la watafiti lilichapisha kazi juu ya mutaa ule katika jarida Nature Sustainability. Walipima wakaaji 72 wa Kasulo, kati yao watoto 32, na kuwalinganisha na watu wa mutaa ingine ambako hakuna karieri. Walikuta kobalti nyingi zaidi katika mukojo na damu ya watu wa Kasulo, zaidi sana kwa watoto, na kwa wale watoto wakaona hata alama za uharibifu kwenye ADN. Mbele ya hapo, katika 2009, kazi ingine ilikuwa imepima mukojo wa watu 351 katika Katanga na kuonyesha ni namna gani vyuma vinaingia katika miili ya wale wanaoishi karibu na migodi. Kisha 2020, kazi iliyofanyika kwenye hospitali za Lubumbashi na kutoka katika The Lancet Planetary Health ilionyesha kwamba hatari ya mutoto kuzaliwa na kilema ilikuwa kubwa zaidi pale baba anapofanya kazi ya migodi.

Angalia sasa majina yaliyo kwenye kazi ile ya Kasulo. Kuna Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, mutu wa toksikolojia kwenye Shule ya Afya ya Umma ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kuna Benoit Nemery wa Leuven, munganga wa mapafu. Kuna mutu wa jeolojia aliyetoka kwenye Makumbusho ya Tervuren, kuna mutu wa udongo, na kuna vijana waganga Wakongomani. Munganga peke yake angepima damu bila kujua vumbi ile imetoka kwenye jiwe gani. Mutu wa mawe peke yake angejua jiwe bila kujua mutoto wa miaka sita amebeba nini mwilini. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na haikuanza jana. Wazee wa UNILU wanakumbuka Profesa François Malaisse, mutu wa mimea aliyefundisha hapa Lubumbashi miaka mingi. Kwenye vilima vyetu vya shaba kunaota ua dogo la zambarau, wasomi wanaliita Haumaniastrum katangense. Linapenda udongo wenye shaba. Kwa mutu wa mimea, ni ajabu ya maumbile. Kwa mutu wa jeolojia, ni alama ya kwamba chini kuna kitu. Na kwa mutu wa arkeolojia lilikuwa zaidi ya hapo, maana linaota hata pale ambapo babu zetu walikuwa wanayeyusha shaba zamani, kwa sababu mabaki ya shaba yalibaki katika udongo. Kwa hiyo ua lilisaidia kuonyesha nafasi za tanuru za kale. Ua moja, elimu tatu. Kama wale watu watatu wasingeongea pamoja, kila mumoja angepita karibu na lile ua na kuona theluthi moja tu.

Tuongeze Observatoire du Changement Urbain ya UNILU, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikusanya watafiti wa fakilte mbalimbali kwa kuchunguza maisha ya nyumba za Lubumbashi: wanakula nini, makuta yanatoka wapi, nani anaingia na nani anatoka. Tena kule Bukavu, hospitali ya Panzi ilionyesha kwamba mwanamuke aliyeumizwa anahitaji munganga, mutu wa saikolojia na avoka karibu karibu, si kila mumoja kwenye kona yake.

Basi kazi ya kuvuka mipaka inawezekana. Lakini mifano hii yote ina kitu kimoja: wakubwa walijuana na kukubaliana mbele. Wengi wa wanafunzi wetu hawana bahati ile.

Tuchukue mufano ambao kila musomaji wa chuo kikuu atautambua. Asistani wa fakilte ya kilimo anataka kuchunguza lenga-lenga inayolimwa karibu na mabaki ya kiwanda: udongo una nini, majani yana nini, mama anayeyauza anajua nini, na mutoto anayekula anapata nini. Ulizo zuri sana. Direkta wake wa kilimo anamuambia: "Mambo ya udongo ni sawa, ya damu siyajui. Enda uone banganga." Kwa waganga wanamujibu: "Wewe hauko munganga, nani atakupa ruhusa ya kutosha watu damu?" Anaenda kwa watu wa sosiolojia juu ya wale mama wauzaji, pale wanamuambia aanze kwanza kusoma vitabu kumi na mbili. Anarudi kwa direkta wake. Direkta anauliza: "Ulikuwa wapi muda huu wote? Bengine bashamaliza."

Mwishoe anamaliza, na jiri inakaa. Mutu wa kemia anauliza juu ya nini vipimo ni vichache. Mutu wa sosiolojia anauliza, "Watu wako wapi katika hii teze?" Munganga anasema kwamba hii si kazi ya afya. Mutu wa kilimo anasema, kumbe hii si kilimo tena. Kila mumoja ana haki katika nyumba yake, na kijana amesimama njiani na mvua inanyesha. Ao, mara nyingine, wale wakubwa wanaanza kupigana wao wenyewe juu ya kichwa chake. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Sisi sote tumekwisha kuona nyasi ya namna ile.

Juu ya nini inakuwa hivi? Wengine wanasema ni wivu. Wivu upo, lakini haumalizi neno. Kuna sababu mbili zingine ambazo ni nzito zaidi.

Ya kwanza ni ngazi yetu. Kwetu mutu anapanda kutoka asistani, kuenda shefu wa travo, kisha profesa asosie, profesa, na profesa ordineri. Ngazi hii imesimamishwa ndani ya fakilte. Mukubwa anayetoa saa zake kwa mwanafunzi wa fakilte ingine anaona kama analima shamba la jirani: mavuno hayataandikwa kwa jina lake. Na bado ana masomo mengi ya kufundisha, memware nyingi za kusoma, tena mushahara unaomusukuma kuenda kufundisha katika muji mwingine. Tusimulaumu haraka. Mutu hawezi kulea mutoto ambaye hakuna mutu anayehesabu kwamba ni wake.

Ya pili ni lugha. Hapa sisemi Kifaransa ao Kiswahili. Ninasema lugha ya elimu. Neno "metode" halina maana moja. Mutu wa takwimu akisikia umeuliza watu 30, anatikisa kichwa: ni kidogo, hesabu yako haitasimama. Mutu wa antropolojia akisikia watu 30, anauliza: "Umekaa na kila mumoja siku ngapi?" Kwa yeye 30 wanaweza kuwa wengi mupaka ashuku kama uliwasikiliza kweli. Mutu wa kemia anataka sampuli ibaki safi, isiguswe na kitu. Mutu wa sosiolojia anakuambia kwamba hakuna jibu safi, kila jibu limeguswa na yule aliyeuliza. Wote wawili wanasema kweli. Lakini kijana wa miaka 28, ambaye anaheshimu wazee na anaogopa kukosa pointi, atafanya nini mbele ya kweli mbili? Atakubali zote mbili kwa kichwa, kisha ataandika teze yenye vipande viwili vilivyoshonwa kwa uzi mwembamba.

Ndiyo maana ninasema kazi ya mulezi hapa si kusahihisha vifungu tu. Mulezi wa kweli wa kazi ya namna hii anafanya mambo manne.

Anatafsiri. Anamuelezea mwanafunzi, na anamuelezea pia mwenzake profesa wa fakilte ile ingine, ni juu ya nini huku tunahesabu hivi na kule wanahesabu vile. Kazi hii wakubwa wanapaswa kuifanya wao kwa wao, na mwanafunzi akiwa amekaa pale anasikia. Mwanafunzi anajifunza zaidi siku anapoona maprofesa wawili wanabishana kwa heshima kuliko katika silabisi tatu.

Anafungua milango. Labo, arshive, ofisi ya afya ya zoni, shefu wa kijiji, geti la mugodi: milango hii haifunguki kwa kadi ya mwanafunzi. Inafunguka kwa barua yenye saini, ao kwa simu moja ya mutu anayejulikana.

Anamulinda. Mbele ya jiri, mulezi anasema wazi: "Sisi wawili tulimuomba achague njia hii, kama kuna kosa katika njia, mutuulize sisi."

Na mwisho, anamuachilia. Hii ndiyo ngumu zaidi. Ni kukubali kwamba kijana sasa anajua kitu ambacho wewe mulezi haukijui, juu alisoma na kwako na kwa mwingine. Mwenye kuvuka muto anajua pande zote mbili.

Kulea hakuko kutawala. Tuseme na hili bila woga. Mwanafunzi wa teze haiko boyi wa nyumba, wala shofere wa motokari, wala mwenye kuuza silabisi za profesa. Mwanafunzi wa kike hapaswi kulipa uongozi kwa mwili wake. Wanafunzi wenyewe wametunga jina la uchafu ule, wanauita "pointi za kuambukizwa kwa ngono," na wanacheka, lakini ni kicheko cha mutu asiye na fasi ya kulalamikia. Hapa walezi wawili wana faida ambayo watu hawaifikirii. Pale ambapo mulango uko moja tu na bwana mumoja tu ndiye mwenye ufunguo, mabaya yanafichika kwa urahisi. Wakubwa wakiwa wawili, na wanakutana, na wanaandika yale waliyokubaliana, kijana ana mutu wa pili wa kuambia.

Na wale walezi wa mbali? Wengi wa vijana wetu wako na direkta mumoja hapa na mwingine Ubelgiji. Tusikatae faida yake: bila ushirikiano ule, kazi za kobalti nilizotaja zisingekuwepo, maana mukojo na damu vilipimwa kule, kwenye masini ambazo sisi hatuna. Lakini tuangalie vizuri. Kijana anayezunguka mitaani na shupa za mukojo, anayejua kuongea na mama wa Kasulo kwa Kiswahili chao, anayerudi mara tatu juu mutoto alikuwa amelala, yule kijana anafanya sehemu ya kazi ambayo hakuna masini inaweza kufanya. Kama kisha anabakia mubebaji wa shupa, na namba zinarudi zikiwa zimekwisha kuelezewa na wengine, hatukumulea. Mulezi wa huku na mulezi wa kule wanapaswa kukubaliana tangu siku ya kwanza kwamba kijana atasimama pia mbele ya ile masini, atajifunza kusoma namba zake, na jina lake litakuwa fasi inayolingana na jasho lake. Na tena kwamba wale waliotoa damu yao wataambiwa majibu, katika lugha wanayoisikia.

Kuna watakaonijibu na methali ya watu wa pwani: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli kabisa. Sijaomba manahodha wawili. Ninaomba nahodha mumoja na mwenye kujua mikondo ya maji. Lazima mumoja awe direkta wa kwanza, mwenye kuamua wakati hakuna mapatano. Wa pili awe na sehemu yake inayojulikana, na neno lake katika sehemu ile lisipuuzwe. Kinachopindua chombo si wingi wa watu, ni kukosa kujua nani anashika nini.

Wengine watasema kwamba kwa njia hii tutatengeneza watu wanaojua kidogo kidogo cha kila kitu. Woga huu nao una musingi. Kwa hiyo mutoto asianze kuvuka kabla hajapanda muzizi. Miaka ya lisansi ni ya kushika elimu moja na kuijua vizuri. Kuvuka kuanze kwenye masta, kukomae kwenye teze. Mupango wa LMD, ambao vyuo vyetu viliingia tangu mwaka wa masomo 2021-2022, unatupatia nafasi ya kupanga hivyo, kama hatutabadilisha majina ya diplome tu na kubakia na mazoea ya zamani.

Sasa, tufanye nini? Sisubiri projet ya wazungu, wala bajeti mupya. Ninaomba karatasi moja.

Siku mwanafunzi anaandikisha kazi inayoshika fakilte mbili, walezi wawili wakae naye kwenye meza moja, waandike ukurasa mumoja. Waandike nani ni direkta wa kwanza na nani anajibu juu ya sehemu gani. Waandike ni metode gani watakayokubali, na ni ngapi itatosha: vipimo vingapi, watu wangapi. Waandike kwamba watakutana wote watatu pamoja angalau mara mbili kwa mwaka, si kila mumoja kwa wakati wake. Waandike majina yatapangwa namna gani kazi ikichapishwa. Waandike ni fakilte zipi zitatoa watu wa jiri, ili kijana asikutane siku ya mwisho na mutu ambaye hajawahi kusikia juu ya kazi yake. Na waandike namna gani mwanafunzi anaweza kubadilisha mulezi kama mambo yanaharibika, bila kulipiziwa kisasi. Dwayeni wote wawili watie saini.

Na fakilte kwa upande wao zikubali jambo moja: kumulea mwanafunzi wa fakilte ingine kuhesabiwe kama kulea wa kwako, wakati wa kupandisha mutu cheo. Bila hilo, ukurasa wetu utabakia karatasi tu, na profesa mwenye roho nzuri atachoka.

Ninajua kwamba karatasi haigeuzi moyo wa mutu. Lakini katika inchi ambako maneno mengi yanasemwa koridoni na kusahauliwa koridoni, kuandika ni mwanzo wa heshima. Tena si kila fakilte ianze mara moja. Mwaka huu wa masomo, dwayeni wa kilimo na wa uganga, ao wa sheria na wa jeolojia, wachague asistani mumoja tu, wamupatie walezi wawili na ukurasa mumoja, wamufuate mupaka mwisho. Wakishindwa, watuambie walishindwa wapi. Wakifaulu, watakuwa wametupatia mutu ambaye siku mama wa soko atauliza kama lenga-lenga yake ni salama kwa watoto, ataweza kumujibu bila kumutuma kwenye mulango mwingine.